Baiskeli ya Mbio za Barabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo watu huyarudia mbele ya benchi la fundi, na hasa pale mtu anaposimama mbele ya rundo la baiskeli za mtumba akijaribu kuamua atoe pesa au aondoke. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, msomaji ameelekezwa kwa namba ya swali badala ya kurudiwa maelezo.

## Misingi

1. Baiskeli ya mbio za barabarani ni nini hasa?

Ni baiskeli iliyoundwa kwa kazi moja: kumwezesha mtu mmoja asiye na mzigo kwenda kwa kasi kubwa, kwa muda mrefu, juu ya lami. Kila kilichomo na kila kilichoondolewa kinatokana na kazi hiyo. Usukani umepinda ili mwili uiname, matairi ni membamba na yamejazwa upepo mwingi, gia zimepangwa kwa kukaribiana ili miguu isilazimike kubadili mwendo wake kwa ghafla, na madigadi, keria, stendi, dainamo na kava la mnyororo havipo kabisa.

Kwa hiyo si sahihi kuiona kuwa daraja la juu la baiskeli ya kawaida, kana kwamba mtu akipata fedha anapanda kutoka ile kwenda hii. Ni chombo kingine. Mtu anayepeleka maziwa kiwandani kila asubuhi akipewa baiskeli ya mbio ya bei ghali kuliko pikipiki, kazi yake itakwama siku hiyohiyo.

2. Je, kila baiskeli yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume ni ya mbio?

Hapana, na kosa hili ndilo linalowagharimu wanunuzi wengi. Usukani wa namna hiyo hufungwa pia kwenye baiskeli za safari ndefu zenye kubeba mabegi, kwenye baiskeli za barabara za changarawe, kwenye zile za mbio za matopeni, na kwenye baiskeli za uwanjani ambazo hazina breki wala friwili.

Ukitaka kujua kwa haraka, usitazame usukani. Chuchumaa utazame gurudumu la nyuma. Kwenye baiskeli ya mbio, hasa zile zilizotengenezwa kabla ya matairi kuanza kunenepa, nafasi kati ya tairi na fremu ni ndogo mno hata kidole cha mtu mzima hupita kwa shida. Kisha tazama ncha za uma wa mbele na za fremu ya nyuma, pale ekseli inapokaa: matundu yenye nyuzi za skrubu kwa ajili ya keria na madigadi yakiwepo, mara nyingi unatazama baiskeli ya safari. Hiyo si hasara hata kidogo, ilimradi bei unayotajiwa isiwe ya kitu kingine.

3. Inatofautianaje na Phoenix au Avon tuliyokulia nayo?

Karibu kila kipimo kinapishana. Ile nyeusi ya kazi huwa na uzito wa takriban kilo 18 hadi 22, ilhali ya mbio kwa kawaida iko kati ya kilo 7 na 9. Nyeusi ina gia moja, breki za fito za chuma zinazovuta rimu kwa ndani, na kwa utaratibu wa kale wa Kiingereza spoki 32 mbele na 40 nyuma. Ya mbio ina gia 20 au zaidi, breki za waya au za mafuta, na spoki ambazo mara nyingi hazifiki 30 kwa gurudumu.

Tofauti iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya umbo. Baiskeli nyeusi ni ndefu na uma wake wa mbele umelala, hivyo inatulia hata ikifungwa magunia mawili ya mkaa na mwendeshaji akasukuma kwa kutembea kando yake. Ya mbio ni fupi na uma wake umesimama. Maelezo ya jambo hilo yamo katika swali la 6.

4. Inakwenda kasi kwa sababu ni nyepesi, sivyo?

Kwa kiasi fulani tu, na kwenye tambarare uzito unachangia kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Mshindani mkuu wa mwendeshaji barabarani ni hewa. Nguvu ya hewa inayomrudisha nyuma huongezeka kwa mraba wa kasi, na kazi ambayo miguu inapaswa kufanya dhidi ya hewa hiyo huongezeka kwa mchemraba wake. Mtu anayetoka kilomita 20 kwa saa kwenda 40 hakutani na ugumu mara mbili. Dhidi ya hewa peke yake anahitaji nguvu mara nane. Ukishavuka kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya jasho lako inalipa hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga mwili wako wala si chuma ulichokalia.

Ndiyo sababu jambo la kwanza ambalo baiskeli ya mbio inafanya ni kuukunja mwili wa mtu. Ndiyo sababu pia waendeshaji hufuatana gurudumu kwa gurudumu: anayekaa mgongoni kwa mwenzake anaweza kupunguza takriban theluthi moja ya nguvu anayotumia. Vijana wanaojibana nyuma ya lori kwenye barabara kuu wanaijua kanuni hii vizuri, ingawa namna wanavyoitumia ni ya kuhatarisha maisha.

Mlimani hesabu inabadilika. Kasi inashuka, hewa inapoteza nguvu, na uzito unashika usukani wa mambo. Chukua mtu wa kilo 70: akiwa na baiskeli ya kilo 18 jumla ni kilo 88, na akiwa na ya kilo 8 jumla ni 78. Kwa nguvu ileile ya miguu, mlima mkali uliokuwa ukimchukua dakika 30 ataumaliza kwa karibu dakika 27.

## Mkao na fremu

5. Kwa nini mtu anainama hivyo? Mgongo hauumii?

Anainama kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 4. Usukani una mahali patatu pa kushika: juu kabisa karibu na katikati, kwa kupanda mlima au kupumua, juu ya vishikio vya breki, ambapo mikono hukaa muda mwingi zaidi, na chini kwenye mikunjo, kwa kasi kubwa na miteremko. Uwezo huo wa kuhamisha mikono ndio unaomwezesha mtu kukaa saa tano juu ya baiskeli bila viganja kufa ganzi.

Maumivu ya mgongo na shingo kwa kawaida hutokana na moja kati ya mambo mawili: fremu isiyo ya kipimo chako, au mwili ambao bado haujazoea. La pili huisha kwa wiki chache za safari fupi. La kwanza haliishi, na hakuna dawa ya kuchua itakayosaidia.

6. Mbona ikigeuzwa kidogo tu inageuka sana, kama inataka kuniangusha?

Kwa sababu imejengwa iwe hivyo. Pembe ya bomba la kichwa, yaani lile linaloshika uma, kwa kawaida ni karibu nyuzi 73 kutoka usawa wa ardhi, wakati ile ya baiskeli nyeusi ya kazi imelala zaidi, chini ya nyuzi 70. Umbali kati ya ekseli mbili ni takriban mita moja, na bomba zinazotoka kwenye kranki kwenda ekseli ya nyuma zina urefu wa sentimita 41 hivi. Magurudumu yakikaribiana na uma ukisimama, baiskeli hujibu upesi, jambo ambalo mtu aliye katikati ya kundi la watu mia moja anayekwepa shimo analihitaji sana.

Aliyezoea baiskeli ya kazi huigeuza ya mbio kwa mabega, na hapo ndipo inapomyumbisha. Iongoze kwa kiuno na macho: tazama unakotaka kwenda, nayo itakwenda. Siku tatu zinatosha kuzoea.

7. Kaboni, alumini, chuma: ipi bora?

Kwa mashindano ya juu, kaboni imeshinda ubishi huo kwa sababu inaweza kufinyangwa umbo lolote la kukata hewa na kuimarishwa pale tu panapohitajika. Alumini ni nyepesi na ya bei nafuu, na fremu nzuri ya alumini ni bora kuliko fremu duni ya kaboni. Chuma ni kizito zaidi, lakini kina sifa moja ambayo kwetu ina thamani kubwa: fundi mwenye mtungi wa gesi na mkono mtulivu anaweza kukichomea. Titani haishiki kutu na inadumu sana, ila ni ghali na kuichomea kunahitaji vifaa maalumu.

Kaboni haifi kwa uzee bali kwa pigo lililokuja upande usiotarajiwa. Imeundwa kubeba mikazo ya kuendeshwa. Haikuundwa kubanwa na kamba ya mpira juu ya paa la basi.

8. Nitajuaje kipimo changu?

Anza na kiti. Simama bila viatu, mgongo ukutani, ubane kitabu katikati ya miguu hadi kiguse mfupa, kisha pima kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Kanuni ya zamani inasema uzidishe kipimo hicho kwa 0.883 ili upate umbali kutoka katikati ya kranki hadi juu ya kiti. Mwenye sentimita 80 atapata takriban 70.6. Ni mahali pa kuanzia tu. Nyonga zikiyumba kushoto na kulia unapokanyaga, kishushe kidogo.

Urefu wa kiti hurekebishika kwa spana. Kisichorekebishika ni urefu wa fremu kwenda mbele, na ndicho cha kuchunga. Ukilazimika kunyoosha viwiko kabisa ili ufike kwenye breki, hiyo si baiskeli yako, hata kama rangi yake imekuvutia.

## Magurudumu na matairi

9. Kwa nini matairi ni membamba hivyo, na yanajazwa upepo kiasi gani?

Wembamba hupunguza uzito na hewa. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa milimita 23, kikijazwa presha ya pauni 100 au zaidi kwa inchi ya mraba, kwa imani kwamba tairi gumu ndilo lenye kasi. Imani hiyo imerekebishwa. Lami halisi ina chembechembe, na tairi gumu kupita kiasi humrusha mwendeshaji juu ya kila chembe badala ya kuimeza, na kila mruko ni nguvu iliyopotea. Leo hata washindani wakubwa hutumia milimita 28 au 30, na mtu wa kilo 70 mwenye tairi la 28 anaweza kutosheka na pauni 70 hadi 80.

Kwa lami yetu yenye viraka, chukua pana zaidi kadiri fremu inavyoruhusu, ukiacha angalau milimita 4 za nafasi kila upande.

10. Tairi la 28 la dukani litaingia kwenye rimu yangu?

Jibu hili liandikwe kwa wino mzito: namba 28 ina maana zaidi ya moja. Tairi la baiskeli nyeusi lililoandikwa 28 × 1½ lina kipenyo cha milimita 635 pale linapokaa kwenye rimu. Tairi la baiskeli ya mbio, linaloandikwa 700C na ambalo baadhi ya Wazungu nao huliita la inchi 28, lina milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, nazo zinatosha kuharibu siku.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama. Niliuziwa tairi la 28 kwa ajili ya gurudumu la mbio. Likaingia kwa mikono mitupu, bila hata kijiko cha kulisukumia, nami nikafurahi kwa urahisi huo badala ya kuushuku. Nilipofika kama pampu ya ishirini, upande mmoja wa tairi ulinyanyuka kwenye rimu taratibu, mpira wa ndani ukachomoza kama puto la pinki, na kabla sijaachia pampu ukapasuka kwa mlio uliowatoa majirani ndani. Tangu hapo sisomi namba kubwa iliyochorwa ubavuni. Natafuta ile ndogo iliyofinyangwa kwenye mpira, kwa mfano 28-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo, na ya pili haina mjadala.

11. Valvu yake ni nyembamba na pampu haishiki. Nifanyeje?

Hiyo ni valvu ya Presta. Fungua kwanza kinati kidogo cha shaba kwenye ncha, kibonyeze mara moja hadi utoke mlio mfupi, ndipo ujaze. Kuna kifaa kidogo cha shaba cha kuvisha juu yake ili ipokee pampu ya valvu ya gari. Ni cha bei ndogo, nunua viwili. Kwenye kituo cha mafuta jaza kwa vipimo vifupivifupi, kwa sababu tairi hili lina nafasi ndogo na linajaa kufumba na kufumbua.

Usitoboe rimu ili ipokee valvu nene. Tundu la Presta ni la milimita 6.5 na la valvu ya gari ni 8.5, kwenye rimu nyembamba, milimita 2 hizo ni chuma unachokihitaji.

## Gia, breki na pedali

12. Gia zote hizo ni za nini? Mbona moja inatosha?

Mguu wa binadamu hufanya kazi vizuri ukizunguka kwa mwendo fulani. Kwa waliozoea mbio, kati ya mizunguko 80 na 100 kwa dakika. Barabara haina habari na hilo: inapanda, inashuka, inaleta upepo. Gia zipo ili barabara ibadilike na miguu ibaki ilivyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Baiskeli ya gia moja yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea takriban mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedali, sawa na kilomita 19 kwa saa kwa mizunguko 60. Baiskeli ya mbio yenye 50 na 34 mbele, na kuanzia 11 hadi 34 nyuma, ina gia ndefu ya mita 9.5, inayotoa kilomita 51 kwa saa kwa mizunguko 90, na gia fupi ya mita 2.1, inayomruhusu mtu kupanda ukuta kwa kilomita 9 kwa saa bila kushuka. Kati ya hizo mbili kuna ngazi ndogondogo, na udogo wa ngazi hizo ndio anasa yenyewe.

Wanaosema gia ni uvivu hawako peke yao katika historia. Tour de France, mbio kuu za kuizunguka Ufaransa kwa hatua za siku baada ya siku, ilianza mwaka 1903, lakini washindani wake wakuu hawakuruhusiwa kutumia mtambo wa kubadilishia gia hadi 1937. Kabla ya hapo mtu alishuka chini ya mlima, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza ili meno ya upande wa pili yatumike, akalifunga tena na kuendelea.

13. Mnyororo wa kawaida na friwili ya kawaida vitafaa?

Havitafaa. Umbali kati ya pini na pini ni uleule, milimita 12.7, na hicho ndicho kinachowadanganya watu. Upana ndio unaotofautiana: mnyororo wa gia moja una takriban milimita 3.2 kwa ndani, ule wa baiskeli yenye gia 11 nyuma una karibu 2.2. Mpana ukivishwa kwenye meno ya gia 11 utagusa gia ya jirani na kurukaruka. Friwili nayo si ya kufungwa kwa nyuzi kwenye habu, bali ni kaseti inayoteleza juu ya habu yenye friwili yake ndani. Kotapini sahau kabisa.

Ili kujua kama mnyororo umechoka, weka rula kwenye katikati ya pini moja uhesabu pini 24. Mnyororo mpya unasoma sentimita 30.48. Ukisoma 30.6 au zaidi, ubadilishe kabla haujala kaseti, maana kaseti ni ghali kuliko mnyororo. Na usipake oili chafu ya injini: ina unga wa chuma ndani yake.

14. Breki za diski au za rimu?

Kwenye mvua na miteremko mirefu, za diski ni bora bila ubishi; Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, liliziruhusu moja kwa moja kwenye mbio za barabarani mwaka 2018. Za rimu ni nyepesi, na mpira wake unabadilishwa kwa ufunguo mmoja kando ya njia. Kama fundi wako hajawahi kutoa hewa kwenye breki ya mafuta, chagua za rimu.

15. Ni lazima nitumie viatu vinavyojifunga kwenye pedali?

Si lazima. Pedali hizo zilianza kuuzwa na kampuni ya Look ya Ufaransa mwaka 1984, zikichukua mfano kutoka kwenye vifungo vya viatu vya kuteleza juu ya theluji, na Bernard Hinault alishinda Tour de France ya 1985 akizitumia. Faida yake ni kwamba mguu haupotezi mahali pake. Hasara yake ni kwamba kila mtu huanguka mara moja akiwa amesimama kabisa, kwa kawaida mbele za watu. Fanya mazoezi ya kujifungua ukiwa kwenye majani.

## Sheria za mashindano

16. Nimesikia baiskeli haziruhusiwi kuwa nyepesi sana. Ni kweli?

Ni kweli. Tangu mwaka 2000 UCI, yenye makao yake Aigle nchini Uswisi, imeweka kiwango cha chini cha kilo 6.8. Sheria hiyo inahusu mashindano yake tu; ukitaka kuendesha ya kilo 6 kwenda kazini hakuna atakayekusimamisha na mizani.

17. Kwa nini baiskeli zote za mbio zinafanana? Hakuna aliyebuni bora zaidi?

Wapo, na walikatazwa. Mwaka 1933, mjini Paris, Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya saa moja kwa kwenda kilomita 45.055 akiwa amelala chali kwenye baiskeli iliyoundwa na Charles Mochet, huku miguu ikitangulia mbele. Rekodi aliyoivunja, ya Oscar Egg, ilikuwa imesimama tangu 1914. Mwaka 1934 UCI iliamua kwamba chombo cha namna hiyo si baiskeli kwa maana ya mashindano.

Uamuzi huo bado unatawala. Fremu inayoonekana leo, yenye pembetatu mbili, imebaki kwa sababu ya fizikia na kwa sababu ya kanuni pia. Anayesema kwamba baiskeli ya mbio ni chombo chenye kasi kuliko vyote vinavyoendeshwa kwa miguu anakosea. Ni chenye kasi kuliko vyote vilivyoruhusiwa.

18. Zile zenye vishikio virefu vya mbele na gurudumu la nyuma lililozibwa ni nini?

Ni baiskeli za kushindana na saa, ambapo kila mtu hukimbia peke yake. Kwa kuwa hana mgongo wa mwenzake wa kujificha (tazama swali la 4), kila kitu kimetolewa sadaka kwa ajili ya hewa, pamoja na wepesi wa kugeuka. Mwaka 1989 Greg LeMond wa Marekani aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Akitumia vishikio vya namna hiyo katika kilomita 24.5 za kuingia Paris, alishinda mbio nzima kwa sekunde 8. Katikati ya kundi, vishikio hivyo ni marufuku.

## Kununua na kutumia kwetu

19. Nikinunua ya mtumba, nikague nini?

Fremu kwanza, kwa sababu vingine vyote hubadilishwa. Ifute vumbi uitazame kwenye mwanga wa jua, hasa chini ya bomba la kichwa, kuzunguka kranki na pale ekseli ya nyuma inapokaa. Kama ni kaboni, igonge taratibu kwa sarafu ukisogea sentimita mbili mbili: mlio mkali unaofanana kote ni dalili njema, na mahali ambapo mlio unazama ghafla kama umegonga boga, weka sarafu mfukoni uondoke. Kama ni alumini, ufa huanzia kwenye maungo ya kulehemu. Usikubali kuambiwa ni mkwaruzo wa rangi hadi ukucha wako uupite bila kunasa.

Kisha jaribu kuchomoa bomba la kiti. Likigoma, huenda alumini na chuma vimeshikana kwa kutu, na kipimo ulichokipata katika swali la 8 hakitakusaidia. Zungusha magurudumu uangalie kama yanapiga chenga, bonyeza swichi za gia moja baada ya nyingine, kisha pima mnyororo kama ilivyoelezwa katika swali la 13. Muuzaji atanung'unika kwamba unampotezea wakati. Mwache anung'unike.

20. Barabara zetu zina mashimo. Si bora baiskeli ya milimani?

Kama zaidi ya nusu ya njia yako ni vumbi, ndiyo, au chukua ya changarawe iliyotajwa katika swali la 2. Kama ni lami yenye mashimo hapa na pale, ya mbio inatosha kwa matairi ya milimita 28 na macho yaliyo wazi. Washindani wa Rwanda, Eritrea na Kenya wamefanya mazoezi kwenye barabara za namna hii kwa miaka mingi: Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, alianzia kwenye vilima vya kando ya jiji hilo akifuatana na David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya aliyemfundisha, na Biniam Girmay wa Eritrea alirudi kutoka Tour ya 2024 na ushindi wa hatua tatu na jezi ya kijani, ambayo ni ya anayeongoza kwa pointi.

21. Mashindano ya dunia yalipofika Kigali, walitumia baiskeli za pekee za milimani?

Hapana, zilikuwa baiskeli za mbio za barabarani zilezile. Mashindano hayo ya Septemba 2025 yalikuwa ya kwanza kufanyika barani Afrika, na mbio kuu za wanaume zilikuwa na kilomita 267.5 pamoja na jumla ya mita 5,475 za kupanda, sehemu yake ikiwa ni mlima wa Kimihurura uliotandazwa mawe. Kinachobadilishwa kwa njia kama hiyo ni gia, na pengine matairi, wala si aina ya baiskeli. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

22. Je, kuna baiskeli ya mbio ya wanawake?

Kuna vipimo vya miili, na vinapishana zaidi kati ya mtu na mtu kuliko kati ya wanawake na wanaume. Kiti ndicho kinachostahili kuchaguliwa kwa uangalifu. Mengine yafuate swali la 8.

23. Naweza kufunga keria, hata ndogo?

Kwenye fremu ya kaboni, usifunge. Keria ya kubana kwenye bomba la kiti inaminya kaboni mahali ambapo haikuandaliwa kuminywa. Kwenye chuma na alumini, kama matundu yapo, kilo chache za nguo na chakula hazina shida. Kama hayapo, tumia begi dogo la kuning'inia chini ya kiti. Mtu mzima wa kukaa nyuma haruhusiwi kwa hali yoyote. Spoki za gurudumu lile zimehesabiwa kwa ajili ya mtu mmoja, na zikianza kukatika hazikatiki moja.

24. Nikiitoa usukani wake na kufunga ulionyooka, bado ni ya mbio?

Kwa kanuni za mashindano ya barabarani, haitakubaliwa. Kwa matumizi ya mjini itakuwa baiskeli nyepesi na ya haraka, ila jua kwamba swichi za gia na vishikio vya breki vitabidi vibadilishwe pamoja na usukani, kwa sababu kwenye baiskeli za kisasa ni kifaa kimoja, na kwamba fremu iliyopimwa kwa usukani unaokwenda mbele itakuwa fupi kwako ukishaunyoosha. Piga hesabu ya vifaa hivyo kabla hujafungua skrubu ya kwanza. Mara nyingi jumla yake inakaribia bei ya baiskeli nyingine nzima ya mtumba yenye usukani ulionyooka tangu kiwandani.